Ukili, Boma la Thimlich na Hesabu za Mipindo

Msomaji wa pwani hana haja ya kuelezwa ukili. Lakini hebu twaa kipande cha dhiraa moja, uziunge ncha zake mbili kiwe pete. Twaa kingine, ukigeuze nusu kabla ya kukiunga. Sasa laza kijiti kukata upana wa pete, ncha yake moja umeitia wino, ukisogeze pole pole mpaka kirudi kilikoanzia. Katika pete ya kwanza wino utarudi ukingo ule ule. Katika ya pili utaukuta umehamia ukingo mwingine!

Aliyenionyesha haya ni mpwa wangu, kijana wa Lamu anayesomesha hesabu katika sekondari moja huko Migori, na likizo husomea shahada ya pili ya topolojia. Fani yake huiita matita ya vekta: vijiti vyote pamoja, kimoja kwa kila nukta ya njia, ndilo tita. Alama bainifu ni hesabu inayokwambia kama tita lina mpindo usioondoka. Pete ya kwanza ni 0, ya pili ni 1. Geuza nusu mara mbili, alama hurudi 0, ingawa jicho bado laona mpindo. (Hapo nilimbishia, ikabidi tusogeze kijiti tena.)

Alama hizi walizianzisha Stiefel wa Uswisi na Whitney wa Marekani, kila mmoja kivyake, mwaka 1935. Chern, mzaliwa wa China, akaleta zake mwaka 1946. Milnor alizisomesha Princeton mwaka 1957, na maandishi ya darasa lake yakapita mikono mingi hata yakawa kitabu, pamoja na Stasheff, mwaka 1974. Mpwa wangu anayo nakala, kurasa zimeshalegea.

Alinipeleka Thimlich Ohinga, kaskazini magharibi ya mji wa Migori, boma la mawe yaliyopangwa bila chokaa yapata karne ya 16, ambalo UNESCO ililitia katika urithi wa dunia mwaka 2018. Akaushika ukuta. "Mjomba, huu ni 0. Ungekuwa 1, ungeufuata kwa ndani ukajikuta nje bila kupita mlangoni."

Tukaendelea hadi Homa Bay. Huko mchana upepo hutoka ziwani, usiku hutoka bara, na wavuvi wa omena waujua. Tita la pepo za dunia nzima nalo lina alama yake, 2. Kwa kuwa si 0, kila saa lazima pawe na mahali duniani upepo umetulia kabisa. Dunia ingekuwa na umbo la kata, ile ya kutulizia mtungi kichwani, isingelazimu.

Dada yangu hataki kusikia. Karo yatoka katika mshahara wa mwalimu, na nyumba haijaezekwa. Nami nikamwuliza kijana faida yake. Akanitajia Thouless na wenzake, ambao mwaka 1982 walieleza kwa nini umeme katika utando mwembamba, wenye baridi kali na sumaku kali, hupanda kwa hatua kamili hata madini yakiwa na uchafu. Hesabu ile ilitambuliwa kuwa ni alama ya Chern, na Thouless alishiriki Tuzo ya Nobel mwaka 2016. Jibu zuri, ila la watu wengine. Lake alilitoa tulipokuwa tukila samaki: wanafunzi wake humwona naye akikwama kwenye hesabu, akarudia, nao siku hizi hawaoni haya kukwama.

Karo ya muhula ujao nimeahidi nusu. Dada hajaambiwa.