Sungura wa Ziba Hachimbi Shimo

Asubuhi ya Desemba, mvua zikiwa zimeshika, mkulima wa Ziba, wilayani Igunga mkoani Tabora, anakuta mstari mzima wa kunde zilizoota majuzi umefyekwa. Vishina vimebaki urefu wa kidole. Kabla ya kumlaumu yeyote, ainame aangalie pale palipokatwa. Kama mkato ni safi na umelala mshazari, utadhani umepitishwa kisu kikali, mgeni wa usiku alikuwa sungura. Mbuzi na digidigi hawana meno ya mbele kwenye taya la juu, hivyo huvuta na kuchana, na shina hubaki na nyuzi zinazoning'inia. Karanga zilizofukuliwa ardhini zina mwenyewe pia, na mara nyingi ni nungunungu, ingawa lawama humwendea sungura kwa sababu hadithi za jioni zilishamfanya mwizi wa kila kitu.

Mkato ule unatokana na meno ya ajabu. Juu ana meno manne ya mbele: mawili makubwa yenye makali kama patasi, na mawili madogo yaliyojificha nyuma yake. Meno hayo hayaachi kukua maisha yake yote. Na je, wajua kwamba chakula chake hupita tumboni mara mbili? Kwanza hutoa kinyesi laini na kukila palepale, ili apate virutubisho vilivyosalia. Vile vidonge vikavu vya mviringo vinavyookotwa shambani ni mabaki ya safari ya pili.

Kiswahili kimewapa wanyama wawili jina moja. Sungura wa kibandani, anayefugwa kwa nyama, asili yake ni Ulaya. Babu zake ni wachimba mashimo, na watoto wake huzaliwa uchi, macho yamefumba. Sungura wa mapori ya Tabora ni mwingine kabisa. Jina lake la kitaalamu, Lepus victoriae, lilitolewa na Oldfield Thomas wa Jumba la Makumbusho la Uingereza mwaka 1893, kutokana na mnyama aliyepatikana Nassa, kwenye Ghuba ya Speke, Ziwa Victoria. Ghuba hiyo imebeba jina la John Hanning Speke, aliyeondoka Kaze, kituo cha misafara palipo Tabora ya leo, mwaka 1858 akielekea kaskazini hadi ziwani. Basi hata katika vitabu vya dunia, sungura huyu ni mwenyeji wa Usukumani.

Huyu hachimbi shimo. Mchana hujilaza kwenye kitanda kifupi cha nyasi, masikio ameyalaza mgongoni, macho yake ya ubavuni yakiona karibu pande zote. Giza likiingia ndipo hutoka kula.

Kutochimba huko ndiko kunakoamua namna ya kumdhibiti. Mbinu nyingi zinazosifiwa ughaibuni, kama kubomoa mashimo au kuyapulizia gesi, zilibuniwa kwa yule wa Ulaya. Nchini Australia, Thomas Austin alifungulia sungura wa aina hiyo wapatao 24 kwenye shamba lake la Barwon Park mwaka 1859, wakazaana hadi kufunika nchi. Ukajengwa uzio wa kilomita 1,833 kati ya 1901 na 1907. Sungura wakavuka kabla haujakamilika. Mwaka 1950 wakaambukizwa virusi kwa makusudi. Mamilioni walikufa wakiwa wamevimba macho na kupofuka, na waliosalia wakazaa kizazi kinachouhimili ugonjwa. Ziba haina balaa la namna hiyo, na haihitaji ukatili wa namna hiyo.

Kinachohitajika ni kulinda mimea ikiwa michanga. Kunde au alizeti ikishakomaa shina, hatari kubwa imepita, kwa hiyo vita ni vya majuma machache tu. Bustani ya mboga karibu na kisima izungushiwe wavu wa kuku wenye kimo cha mita moja na zaidi kidogo. Ukingo wa chini ukunjwe kuelekea nje, ulazwe juu ya ardhi na kubanwa kwa vigingi au mawe, kwa sababu sungura hupenya chini kwanza kabla hajafikiria kuruka. Asiye na fedha ya wavu atumie matawi ya miiba yaliyoshonana vizuri, akiziba mianya ya chini.

Shamba la ekari nyingi haliwezi kuzungushiwa wavu. Hapo kinachosaidia ni kufyeka nyasi ndefu na vichaka pembezoni, maana sungura hapendi kuvuka uwazi ambao bundi na mbweha wanamwona. Kumuua bundi kwa kuogopa mikosi ni kumfukuza mlinzi asiyedai mshahara. Majivu na pilipili hufaa kwa siku chache, kisha mvua huviosha.

Kitanzi cha waya kiachwe kabisa. Hakichagui: hunasa kanga, digidigi na hata mbwa wa jirani, na mnyama huweza kuteseka usiku kucha. Tena Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu kuwinda bila kibali. Sumu ni mbaya zaidi, kwani mzoga mmoja wenye sumu huua tai wanaoushukia na mbweha anayepita.

Wakati wa palizi, jembe huweza kufichua kitoto cha sungura kimetulia peke yake kwenye nyasi, kina manyoya kamili na macho wazi. Watoto hudhani kimetupwa, wakakibeba nyumbani, nacho mara nyingi hufa. Hakijatupwa. Mama hukaa mbali mchana ili asiwaonyeshe adui kilipo, kisha hurudi gizani kukinyonyesha. Ukikikuta, pitisha jembe pembeni na ukiache palepale.