Uwanja Ukiwa Ndio Mwamuzi

Usukumani, mavuno yakishaingia ghalani, vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu hukutana uwanja mmoja na kucheza kwa wakati mmoja, kila upande na ngoma zake na manju wake. Watazamaji wako huru kuhama, na upande uliovuta wengi ndio ulioshinda. Vyama hivyo vinahusishwa na waganga wawili wa karne ya 19, Ngika na Gumha, na wapo wanaosema siri ya ushindi ni dawa. Mimi ni mwalimu wa muziki. Naongelea sehemu ninayoweza kuifundisha.

Wanafunzi wa Shinyanga, Kahama na Geita wakijiandaa kwa mashindano ya shule ya UMITASHUMTA au UMISSETA, wengi hufika wakiwa wameziweka vizuri sauti zote nne za kwaya. Hata hivyo, ubeti wa pili haujaisha hadhira imeshaanza kupiga soga. Wimbo wameukariri; kuutoa mbele za watu hawajazoezwa.

Kinachoponyoka mapema ni mwendo. Hofu huongeza mapigo ya moyo, na mwimbaji hupima mwendo kwa mwili wake, kwa hiyo wimbo uliozoezwa taratibu huanza kukimbia naye asijue. Bugobogobo ina somo hapa. Ni ngoma iliyozaliwa shambani, wapigaji wakiwaongoza wakulima kwa safu, na jembe lina uzito wake: ngoma ikikimbia, mikono haiwezi kulifuata. Kwaya haina jembe. Kwa hiyo nawaambia watoto wapige hatua papo hapo wanapofanya mazoezi, miguu iushike mwendo, na kiongozi auimbe mstari wa kwanza kimoyomoyo kabla ya kuinua mkono.

Jambo linalosahauliwa sana, nami linaniuma kwa sababu tiba yake haina gharama, ni mahali. Darasani kuna kuta na bati, sauti inarudi. Uwanjani inapotea. Mtoto hasikii mwenzake, anapaza, koo linakaza, na kwaya isiyo na kinanda huanza kushuka kidogo kidogo hadi sauti ya nne inabaki kunguruma. Simameni nusu duara mpate kusikiana, na wiki ya mwisho fanyeni mazoezi nje. Ngoma za ngozi nazo zipashwe moto kabla ya zamu yenu. Ngozi iliyonyonya unyevu hulegea na mlio wake hufa.

Halafu kuna kosa, ambalo litakuja tu. Nilimwona msichana akisahau neno moja. Wenzake wote wakamgeukia, na hapo ndipo uwanja mzima ulipojua. Manju akipotewa na maneno huurudia mstari, waitikiaji wanampokea, naye anarudi njiani. Hilo linazoezeka: mwalimu amnyamazishe kiongozi ghafla katikati ya wimbo, wengine waendelee hadi atakapoingia tena. Mara tano kwa wiki zinatosha kuwaondolea watoto woga wa kukosea.

Kabla ya mashindano jaribuni hivi. Makundi mawili, uwanja mmoja wa shule, nyimbo tofauti, dakika 10, na wanafunzi wengine wote waruhusiwe kutembea. Msihesabu tu waliobaki kwenu. Wafuateni waliohama, muwaulize waliondoka kwenye ubeti upi.