DirectX 12 kwenye Windows, 11 kwenye Chipu

Miongoni mwa laptopu za mitumba zinazouzwa Thika na Ruiru, zile ambazo wauzaji huziita ex-UK, HP EliteBook 840 G1 ni sura inayofahamika. Iwashe, bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika dxdiag. Kama ina Windows 10, ukurasa wa kwanza utakuambia una DirectX 12. Mwanafunzi anayetaka kutengeneza gemu anaweza kuishia hapo, akafurahi, akaanza kushusha injini ya GB kadhaa kwa bando alilolinunua kwa kujinyima chakula cha mchana. Heri afungue kwanza ukurasa wa skrini, atazame mstari wa viwango vya uwezo. Huko namba ya juu kabisa ni 11_1.

Namba ya kwanza inaieleza Windows. Ya pili inaieleza chipu ya michoro iliyomo ndani, Intel HD 4400 ya mwaka 2013. Gemu haizungumzi na chipu hiyo moja kwa moja. Ni kama abiria wa matatu za Thika Road: anamwambia kondakta, kondakta anagonga bodi, dereva anasimama. Gemu inaiomba DirectX, maktaba ya Microsoft, ichore maelfu ya pembetatu, mara 30 au 60 kwa sekunde; DirectX inapitisha ombi kwa draiva, programu iliyoandikwa na mtengenezaji wa chipu. Microsoft inaweza kuimaliza kazi yake vizuri na gemu bado ikagoma, kwa sababu draiva imebaki nyuma.

Kisa cha HD 4400 kinachekesha na kuudhi. DirectX 12 ilitoka Julai 2015 pamoja na Windows 10, na Intel ikaiwezesha kwenye chipu hizi za Core kizazi cha nne. Baadaye ukagunduliwa upenyo wa kiusalama, na katika draiva toleo la 15.40.44.5107 Intel ikauziba kwa kuiondoa DirectX 12 kabisa. Aliyesasisha kwa utiifu ndiye aliyepoteza. Anayeihitaji alishauriwa arudie draiva ya zamani, yaani arudi na upenyo wake.

Kilio hiki hakikuanzia kwetu. Krismasi ya 1994 Disney iliuza gemu ya The Lion King kwa ajili ya Windows, ikitumia WinG, maktaba ya michoro ya Microsoft. Kompyuta nyingi za Compaq Presario zilikuwa na draiva ambazo hazikuwahi kujaribiwa na WinG. Watoto walifungua zawadi, mashine zikakwama. Windows 95 ilipotoka tarehe 24 Agosti 1995, watengenezaji wa gemu bado waliipenda DOS iliyowaachia waguse vifaa wenyewe. Alex St. John, ambaye kazi yake Microsoft ilikuwa kuwasikiliza na kuwashawishi wanaprogramu wa nje, aliisukuma DirectX pamoja na Craig Eisler na Eric Engstrom. Ilitoka tarehe 30 Septemba, zaidi ya mwezi mmoja baada ya mfumo wenyewe.

Mwaka 2007 Mkenya Wesley Kirinya alitoa The Adventures of Nyangi, gemu ya 3D ya kompyuta. Mwaka huohuo Windows Vista ilikuja na DirectX 10, na wenye XP wakaachwa kwenye toleo la 9. Mwaka 2009 Kirinya na Eyram Tawia wa Ghana walianzisha Leti Arts, kampuni iliyoelekeza nguvu zake kwenye simu. Kwa mkanganyiko huo wa matoleo, sishangai.

Mwenye mashine mpya, programu ya mfumo ikichelewa, atasubiri miezi. Kwa mnunuzi wa mtumba, mashine huingia sokoni wakati huduma inaondoka. Huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inadai rasmi, kwa jumla, kizazi cha nane kwenda juu. EliteBook yetu ni ya kizazi cha nne.

Hata hivyo mashine hiyo si takataka. Injini ya Godot ilianzishwa na Waargentina Juan Linietsky na Ariel Manzur, ni ya bure, na msimbo wake umekuwa wazi tangu 2014. Toleo la 4 lilipotoka Machi 2023, kwa kawaida liliegemea Vulkan, njia nyingine ya kuzungumza na chipu, ambayo Intel haikuitolea HD 4400 draiva ya Windows. Lakini unapoanzisha mradi, chagua njia ya upatanifu: inatumia OpenGL 3.3, na HD 4400 inaimudu. Teknolojia ya Nanite ya injini ya Unreal, inayodai DirectX 12, isahau. Ukikwama na kuomba msaada, usiandike tu kwamba gemu imekataa. Taja jina la chipu, namba ya draiva na toleo la injini. Bila hivyo hata mwenye nia njema hana pa kuanzia.

Na vyuo vikuu kama JKUAT pale Juja, Mount Kenya University ya Thika na Zetech ya Ruiru zinaweza kusaidia kwa gharama ndogo: zinunue laptopu chache za mitumba za kila kizazi, zijaribu draiva na injini juu yake, kisha zibandike matokeo ukutani ambapo kila mwanafunzi atayasoma.