TRAKTA IKILIA, USITAFUTE UGONJWA KWA KIDOLE

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu nyumbani, leo tunatoka kidogo mgodini na kwenda shambani. Nyantende, karibu na Bukavu, ni nchi ya milima, na kazi kubwa bado inafanywa na jembe la mkono. Lakini trakta kuukuu ikifika kwa jirani na kuanza kulia, wanamwita nani? Wanakuita wewe! Wanasema: huyu anafanya kazi na mashine kubwa za kampuni, hawezi kushindwa na hii ndogo. Unatoka na spana mfukoni siku ya mapumziko, bila kofia, bila viatu vya kazi, bila kapita wa kukukataza. Ndiyo sababu tunaandika.

Tuzungumzie trakta za ukoo wa Ferguson. Ile ya kijivu, TE20, ilitengenezwa Coventry, Uingereza, kuanzia 1946 hadi 1956, na zilitoka zaidi ya nusu milioni. Baadaye zikafuata Massey Ferguson 35 na 135, ambazo mafundi wengi wa Afrika wanazijua kama wanavyoijua baiskeli. Katika trakta hizi pampu ya mafuta, ile inayoinua jembe la nyuma, huioni. Imelala ndani ya sanduku la gia, chini ya kiti cha dereva, nayo inanyonya mafuta yale yale yanayolainisha gia. Kwa hiyo sauti ikitoka chini ya kiti, inaweza kuwa gia, inaweza kuwa beringi, inaweza kuwa pampu. Utajuaje?

Njia ya kwanza ni rahisi. Katika TE20 pampu hiyo inazungushwa pamoja na shafti ya nyuma, ile inayozungusha mashine za kusaga na kukata. Mkono wa shafti ukiutoa katika trakta hiyo, pampu inasimama. Kelele ikikoma hapo hapo, umempata mhusika. Kelele ikiendelea, iache pampu, tafuta kwingine.

Lakini angalia vema jambo hili. Ukitaka kuisikiliza pampu ya TE20, lazima na shafti ya nyuma izunguke. Shafti hiyo hufanya mizunguko 540 kwa dakika, maana yake mara 9 kwa sekunde moja. Kabla hujatamka neno “simama”, kikwembe cha mama au koti la mvua limekwisha kuvingirishwa, na mwenye nguo yumo ndani yake. Basi, kabla ya kuwasha injini, fungua mashine yoyote iliyofungwa nyuma, rudisha kifuniko cha chuma juu ya ncha ya shafti, na watoto wanaopenda kutazama waende mbali. Kama kifuniko kilipotea zamani (na mara nyingi kimepotea), hakuna mtu kusimama nyuma. Hata mwenye trakta.

Sasa sikiliza sauti yenyewe. Mlio mwembamba mrefu, unaopanda kila unapoongeza mwendo wa injini, ni mlio wa pampu yenye njaa: inavuta mafuta na hayaji ya kutosha. Sauti ya kukwaruza, kama changarawe ndani ya karai, huku jembe likipanda kwa kurukaruka, mara nyingi ni hewa iliyoingia katika mafuta. Lakini sikio peke yake ni shahidi wa nusu, kwa maana njaa ikizidi nayo huleta changarawe. Yaulize mafuta.

Weka trakta mahali pa tambarare. Huko Nyantende si kazi ndogo kupapata, lakini bila hivyo kipimo ni cha uongo: trakta ikiinama, mafuta yanakimbilia upande mmoja, na pampu inaweza kunyonya hewa hata kama sanduku si tupu. Teremsha jembe chini, zima injini, ndipo upime. Kuna na kosa jingine linalowasumbua wengi. Trela la kumwaga mchanga linapoinuliwa, silinda yake inakunywa mafuta ya sanduku hilo hilo. Mafuta yaliyotosha kwa jembe hayatoshi kwa trela, na pampu inalia trela likiwa juu tu. Hapo si pampu mbaya, ni kiasi cha mafuta.

Kisha chota kidogo katika chupa safi ya kioo. Mafuta meupe kama maziwa yana hewa au yana maji. Yaache yatulie. Povu la hewa litapanda na kuisha. Maji yatabaki kuyafanya meupe, au yatajitenga na kukaa chini ya chupa. Mvua zetu ni nyingi, na maji hupita kwenye mpira uliopasuka chini ya mkono wa gia. Mafuta hayo yamwagwe, na mpira ubadilishwe kabla ya kutia mapya.

Trakta ikilia asubuhi wakati wa baridi, kisha ikanyamaza ikipata moto, fikiri kwanza juu ya mafuta mazito yasiyostahili. Kuna watu wanaomimina chochote kilichobaki katika bidoni! Ikilia zaidi inapopata moto, na jembe likapanda kwa uvivu, hapo ndipo pampu yenyewe inaweza kuwa imechakaa. Kabla ya kuinunua nyingine, ambayo bei yake inajulikana, safisha chujio lililo kwenye mdomo wa pampu. Kulifikia ni kazi ya kumwaga mafuta na kufungua mifuniko, lakini gharama yake ni jasho tu.

Usiingie chini ya jembe lililoinuliwa kwa nguvu ya mafuta. Gogo gumu chini yake ni lazima, tofali hupasuka.

Na sasa kidole. Kwenye mabomba ya nje, kama lile la trela, mafuta yana mgandamizo wa zaidi ya bar 100. Tundu dogo kama ncha ya sindano linatoa uzi wa mafuta usioonekana kwa macho, na uzi huo unapita katika ngozi, hata katika glavu. Usipapase bomba kutafuta mahali linapovuja. Pitisha kipande cha kartoni, mafuta yatachora alama juu yake. Wewe wa mgodini unajua mabomba kama hayo kwenye mashine zetu za kupakia, na pampu ya girisi ina hatari ile ile.

Aliyechomwa huona kidonda kidogo kama cha mwiba. Mara nyingi hakiumi sana mwanzoni, naye anacheka na kurudi kazini. Baada ya saa chache mkono umevimba, kwa kuwa mafuta yanaendelea kuua nyama ndani, na kidole au mkono mzima unaweza kukatwa. Usikamue, usifunge dawa ya kienyeji, usingoje kuche. Nenda kwa muganga saa hiyo hiyo, na umwambie wazi: “Si mwiba, ni mafuta ya mashine yaliyoingia kwa nguvu.” Mara nyingi huhitaji mpasuaji kufungua na kusafisha, basi kama kituo cha Nyantende hakina mpasuaji siku hiyo, safari ya Bukavu ianze mara moja. Andika katika karatasi aina ya mafuta na saa ulipochomwa, umkabidhi anayekusindikiza.