Shule ya Ihungo Baada ya Mtetemeko wa Ardhi

Jumamosi ya tarehe 10 Septemba 2016, siku chache kabla ya Idi ya kuchinja, yapata saa tisa na nusu za alasiri, ardhi ilitetemeka katika Mkoa wa Kagera. Nguvu za mtetemeko zilipimwa zikaonekana kuwa 5.9. Watu wasiopungua 17 walifariki dunia, mamia walijeruhiwa, na maelfu ya nyumba ama zilianguka ama zilipasuka nyufa hata hazikukalika tena. Miongoni mwa majengo yaliyoharibika vibaya yalikuwa ya shule mbili kongwe za sekondari za Bukoba, yaani Ihungo na Nyakato. Shule hizo zilifungwa na wanafunzi wakarudishwa makwao.

Sisi twakaa Isaka, mahali pa reli na bandari kavu, ambapo malori ya kwenda Rwanda na Burundi hupita usiku na mchana, wala hatukuwa na shughuli yoyote Bukoba. Lakini kijana mmoja aliyesoma chuoni kwetu tangu alifu hata akahitimu, mtoto wa mchukuzi wa bandarini, alichaguliwa kuingia kidato cha tano huko Ihungo. Mama yake alitujia akasema kwamba hana mtu wa kumsindikiza mtoto, na zaidi ya hayo, hajui huko anakokwenda atalala chini ya paa gani. Neno hilo la paa lilitushika. Mama yule ni mzaliwa wa Mwakata, na ndugu msomaji atajua punde kwa nini aliuliza hivyo.

Basi tulifuatana na kijana, tukapita Kahama, Ushirombo na Biharamulo, kisha Muleba, hata tukaona migomba imeifunika nchi na ziwa limetanda upande wa kuume. Ihungo iko juu ya kilima. Shule hiyo ilianzishwa na wamisionari wa Kikatoliki katika zama za ukoloni, na leo ni ya Serikali, nayo huchukua vijana wa kila dini kutoka kila upande wa nchi.

Twakiri kwamba tuliyoyaona yalitushangaza. Tulitazamia kukuta kuta zilizozibwa nyufa, nasi tukakuta shule mpya kabisa: madarasa, maabara, mabweni na nyumba za walimu. Rais John Magufuli aliizindua mwezi wa Januari 2021, na gharama yake ni zaidi ya shilingi bilioni 10, ambazo sehemu yake ilitolewa na Serikali ya Uingereza. Kwa mtu aliyefundisha miaka thelathini juu ya mkeka, chini ya bati lililotoboka, fedha hizo hazihesabiki. Kijana wetu alipofika mlangoni pa bweni alivua viatu kana kwamba aingia msikitini, na wenzake wakamcheka kidogo. Tulimpigia mama yake simu pale pale uani, naye hakuuliza habari za chakula wala za vitanda. Aliuliza kuta zimejengwa kwa kitu gani.

Hilo ndilo tulilokuwa tukilitazama. Tulizunguka nyuma ya majengo pamoja na fundi mwashi mmoja wa mjini, mtu mzima mwenye subira, naye akatufundisha kama tunavyowafundisha watoto herufi. Alisema, nyumba ya matofali yaliyopangwa kwa udongo hubeba mzigo wa kuelekea chini tu. Mtetemeko hausukumi chini, bali husukuma ubavuni, huku na huku, na kila ukuta hutikisika kwa namna yake, mmoja ukienda mbele na mwingine ukirudi nyuma. Kwa hiyo pembe huachana kwanza, kisha paa hukosa pa kukaa. Dawa yake ni kuzifunga kuta zote ziwe kitu kimoja: msingi wenye nondo, nguzo za zege katika pembe, na mkanda wa zege uliozunguka nyumba nzima juu ya madirisha, kisha kenchi za paa zifungwe katika mkanda huo. Nyumba namna hiyo hutikisika yote pamoja kama sanduku. Huweza kupata ufa, lakini haiwaangukii waliomo.

Na si kwamba Kagera palipigwa na mtetemeko usio na mfano. Nchi ile iko kando ya tawi la magharibi la Bonde la Ufa, lile lililobeba Ziwa Tanganyika na Ziwa Albert, na ardhi yake husogea tangu kale. Mtetemeko wa kadiri ya 5.9 huko Japani mara nyingi hupita bila ya kuua mtu. Kinyume chake ni habari ya Pakistani ya tarehe 8 Oktoba 2005, katika siku za mwanzo za Ramadhani, ulipotokea mtetemeko wa 7.6 asubuhi watoto wakiwa madarasani. Maelfu ya wanafunzi walifukiwa na shule zao wenyewe. Huko Kagera ilikuwa Jumamosi alasiri. Lau ingalikuwa Jumatatu saa nne asubuhi, hatujui tungaliandika nini leo.

Mjini Bukoba, tulipokuwa tumekaa barazani baada ya sala ya adhuhuri, mzee mmoja aliposikia tumetoka Ihungo alituambia, bila ya hasira, kwamba watoto wamepata kasri, naye nyumba yake aliisimamisha kwa kuuza kahawa misimu mitatu. Maneno kama hayo si mageni. Rais alipozuru Kagera mwezi wa Januari 2017 alisema wazi kwamba Serikali haitawajengea wananchi nyumba mmoja mmoja, bali itarudisha majengo ya umma, yaani mashule na mahospitali, na wengi waliokuwa wamepoteza nyumba walivunjika moyo.

Sisi twaona kwamba pande zote mbili zina hoja. Bweni hulaza mamia ya vijana, mwaka hata mwaka, wala hapana mzazi awezaye kulijenga peke yake. Na aliyetoa fedha kwa ajili ya shule, fedha zake zapaswa kwenda shuleni, kama vile katika wakfu sharti la mwenye kutoa hufuatwa. Lakini fedha zinazochangwa kwa jina la waliofikwa na msiba ni amana ya namna nyingine. Kila anayechangisha, awe mkuu wa nchi au kamati ya msikiti, yampasa kueleza mapema zitakwenda wapi, kabla mkono wa mtoaji haujafunguka. Mzee yule hakuichukia shule. Alichokitaka ni kuambiwa mapema, ili asingoje.

Sasa tuje Mwakata. Kijiji hicho kiko katika wilaya yetu ya Kahama, si mbali na Isaka. Usiku wa tarehe 3 Machi 2015 ilinyesha mvua ya mawe yenye upepo mkali, na watu zaidi ya 40 wakafariki, wengi wao wakiwa vitandani. Mvua huja kila mwaka. Kilichowaua wengi ni kuta. Nyumba zilikuwa za tofali mbichi na udongo. Upepo uliezua mabati, barafu na maji yakajaa ndani, udongo ukalainika kuanzia chini, na ukuta uliolainika miguuni huanguka wote kwa mara moja juu ya aliyelala kando yake. Rais Jakaya Kikwete alifika kuwapa pole waliofikwa. Mama wa kijana wetu alizika jamaa zake katika siku zile, na tangu hapo, kila aingiapo nyumba ya mtu, huutazama ukuta kabla ya kuketi.

Tena ukuta imara peke yake hautoshi. Katika mkoa huo huo wa Kagera, wilayani Kyerwa, usiku wa kuamkia tarehe 14 Septemba 2020, moto uliwaka katika bweni la shule ya msingi ya Kiislamu ya Byamungu, na watoto 10 wakafa. Twautaja msiba huo kwa sababu wengi wetu hupeleka watoto katika mabweni na vyuo vya kulala, nasi huuliza habari za ada, na za mwalimu, na za hifadhi ya Kurani, wala hatuulizi chumba kina milango mingapi, na usiku ufunguo huwa mkononi mwa nani. Ihungo tuliuliza, tukajibiwa vizuri, wala hapana aliyeona kwamba tumevunja adabu.

Chuo chetu cha Isaka kina watoto wengi kuliko nafasi. Kuta zake ni za tofali mbichi, msingi wake umekaa juu ya udongo mweusi wa mbuga, ule unaovimba masika na kupasuka kiangazi, na mlango ni mmoja. Kamati ilikuwa imekusanya fedha za rangi na mazulia. Tuliporudi tuliomba tupewe nafasi ya kusema baada ya isha, tukachora ubaoni mkanda wa zege kama tulivyochorewa, tukaomba fedha hizo zibadilishwe kazi. Na kwa kuwa zilichangwa kwa jina la mazulia, tulitaka kwanza wachangaji waulizwe. Waliulizwa, nyumba kwa nyumba, kwa siku nne. Wawili walitaka fedha zao zibaki za mazulia, nao wakarudishiwa. Waliobaki waliridhia.

Fundi amekwisha kupima. Ukuta wa upande wa machweo, ulioinama, utabomolewa wote na kujengwa kwa tofali za kuchoma na saruji kabla ya mvua za Novemba; kuta tatu zilizobaki zitapigwa lipu miguuni na kuvikwa mkanda juu, na mlango wa pili utatobolewa upande wa kisima. Nondo zimefika, saruji bado. Kwa muda huo watoto watasomea katika baraza la msikiti, wadogo asubuhi na wakubwa baada ya alasiri.