Vitu vya Kuchezea Safarini

Mama wa Marangu ana safari nyingi. Leo kliniki, kesho sokoni Marangu Mtoni, siku nyingine hushuka kwa daladala mpaka Moshi. Mtoto mmoja yuko mgongoni, mwingine ameshikwa mkono. Kliniki foleni ni ndefu, na mtoto hawezi kutulia. Akikosa kitu cha kuchezea, huokota chochote anachokiona chini. Ndiyo maana sisi wa zahanati huletewa watoto wenye punje ya maharage puani au hindi sikioni.

Afadhali mtoto awe na kitu chake. Si lazima kununua. Kihambani, yaani katika shamba la migomba la nyumbani, vifaa vimejaa.

Chukua maganda makavu ya mgomba. Yalowanishe kidogo ili yasikatike. Kunja ganda moja liwe kama ngumi, kisha lizungushie mengine, moja baada ya moja, ukivuta kwa nguvu. Mwisho funga kwa kamba ya mgomba pande zote. Huo ni mpira. Ni mwepesi, na hata ukimpiga abiria mwenzako haumuumizi. Ukilowa mvua za Aprili utaharibika, lakini maganda hayakosekani.

Mwanasesere ni rahisi pia. Kunja fungu la maganda katikati, funga shingo, pitisha fungu dogo liwe mikono, halafu funga kiuno. Mvalishe kipande cha kanga kuukuu. Usimwekee macho ya shanga wala vifungo. Yachore kwa mkaa. Mtoto mkubwa kidogo mpe maganda ajitengenezee mwenyewe hapo kwenye foleni. Atatulia kuliko ukimfokea.

Kwa mtoto wa chini ya miaka 3, kipimo ni mdomo wake. Kitu kinachoweza kuingia chote mdomoni kisiwe cha kuchezea, kwa sababu kinaweza kuziba njia ya hewa. Kamba nayo isizidi shubiri moja, isije ikamzunguka shingoni.

Watoto hupenda kutunga mbegu za mbarika, ambazo wengine huziita nyonyo, kwa sababu ya madoadoa yake. Mbegu hizo ni sumu. Chache tu zikitafunwa zaweza kumwua mtoto. Kopo la dawa ya kunyunyizia kahawa pia lisifanywe gari wala kayamba, hata kama limeoshwa. Zipo pia betri ndogo za mviringo, kama sarafu. Mtoto akimeza moja, betri hiyo huanza kuunguza koo kwa muda usiozidi saa 2. Mkimbize hospitali, hata kama halii.

Na harage likiingia puani au sikioni, usichokonoe kwa njiti wala usimimine maji. Harage likilowa huvimba, na kulitoa huwa kazi kubwa zaidi. Mlete zahanati siku hiyo hiyo.