Daka na Tekani

Katika nyumba nyingi pana kipande cha mahali kisichokuwa nje wala ndani, ambacho mjenzi asiye na nadhari hukiacha kama kilivyotokea: ujia mwembamba nyuma ya mlango, au pembe isiyotosha kitanda wala meza, ambapo viatu hurundikana, mwavuli huegemezwa ukutani, na mgeni husimama akibanana na mwenyeji wake asijue aendelee au arudi. Waamu wa zamani, yaani watu wa Lamu, pamoja na jirani zao wa Pate na Siyu, walikuwa nacho kipande hicho hicho katika nyumba zao za mawe, tena kikiwa finyu kuliko cha wengi wetu. Lakini badala ya kukihesabu kuwa ni dhiki ya kuvumiliwa walikipa kazi na walikipa heshima, na itikadi yangu ni kwamba hapana sehemu ya nyumba zile inayodhihirisha akili na murua wa wenyewe kuliko hiyo.

Ufinyu ule haukuwa wa bahati mbaya. Nyumba kubwa za Lamu, ambazo nyingi zilijengwa katika karne ya 18, ni za mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake nzito hubebwa na boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti haiwezi kuvuka nafasi kubwa pasipo kupinda, vyumba havikuzidi upana wa mita tatu hivi, na nyumba ilikua kwa kufuatanisha vyumba virefu kimoja nyuma ya kingine, kuanzia kiwanda, yaani ua ulio wazi juu, hadi msana wa tini, msana wa yuu, na ndani kwenyewe ambako ajinabi hakufika. Njia za mji nazo ni nyembamba hata punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu. Basi mjenzi alikuwa na kuta ndefu, njia iliyombana, na aila iliyotaka sitara, ilhali dini na ada vilimtaka afungue mlango wake kwa jirani, kwa msafiri na kwa mwenye shida.

Jawabu lake la kwanza lilikuwa daka. Mlango haukuwekwa sawa na ukuta wa njiani, bali ulirudishwa nyuma kiasi, na ile nafasi iliyopatikana mbele yake ikaezekwa, na kila upande ukajengwa baraza ya mawe iliyopakwa chokaa, mbili zikitazamana. Aketiye hapo amekwisha kufika kwa mwenyewe, lakini hajaingia kwake. Asubuhi mwenye nyumba huzungumza hapo na nahodha juu ya shehena au na fundi juu ya ukuta unaochakaa. Baada ya alasiri wazee hukaa hapo kungojea magharibi, na muuza kahawa akipita na dele lake akivigonga vikombe hujua ni madaka yapi yana watu. Na siku za matanga, wanaume wa mtaa huketi hapo na kuendelea mpaka njiani, na wanawake wakawa ndani pamoja na wafiwa. Hata mpita njia asiyejuana na mtu humo ana fungu lake, maana jua likimzidi hupata kivuli, mvua ikimkuta hupata pa kujikinga, na akisikia nyuma yake mchunga punda akipiga ukelele wa "Simile!" huingia dakani punda wakapita, kisha akaendelea na safari yake pasipo kuombwa radhi wala kuomba.

Nyuma ya mlango ndipo palipo tekani, na hapo mimi husimama kwa muda mrefu zaidi kila nipatapo wasaa wa kuizuru ile nyumba ya Kiswahili iliyohifadhiwa mjini Lamu na Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Tekani ni nafasi ndogo, na kama ingepimwa kwa vitu vinavyoenea ndani yake ingeonekana kuwa ni hasara tupu. Lakini mlango wa njiani na mlango wa kiwandani haikuelekezana, bali mtu huingia, hukutana na ukuta, kisha hupinda. Mpindo ule ndio wenye siri yote. Kwa ajili yake mlango mkubwa uliweza kuwa wazi mchana kutwa, upepo ukaingia na sauti za mtaa zikasikika, na jicho la mpita njia lisiambulie ila chokaa nyeupe. Mgeni alipiga hodi akiwa dakani, mara tatu kwa adabu, kama dini inavyofundisha na kama Sura ya Nuru inavyoamrisha watu watake idhini na kutoa salamu kabla ya kuingia nyumba zisizokuwa zao, na bibi wa nyumba, akiwa tekani na asionekane, alijibu kwa utulivu: "Bwana ametoka, baba, atarudi baada ya swala, keti upumzike." Mgeni akaketi, naye hakuingia na wala hakufukuzwa. Papo hapo tekani mwanamke alizabuni samaki na muuzaji aliye nje, alipokea salamu zilizotumwa na ndugu wa mtaa wa pili, na alijitanda buibui lake kabla ya kutoka. Fauka ya hayo, mgeni wa kiume aliyestahili kulala hakupitishwa kiwandani, bali alipandishwa kwa ngazi iliyoanzia karibu na mlango hadi sabule, chumba chake mwenyewe, akakirimiwa siku zote alizokaa pasipo mmojawapo wa wenye nyumba kubanwa.

Haifai kuyasifu mambo haya na kuuficha upande wake wa pili. Nyumba za mawe zilikuwa za waungwana na matajiri. Maskini na watumwa walikaa katika nyumba za udongo na makuti, na daka zuri lilikuwa pia ni tangazo la jaha, kwamba hapa pana mtu wa kukopesheka. Na sitara ile iliyomstarehesha bibi mmoja, pengine ilimwia bibi mwingine ukuta mrefu kupita kiasi. Nayakiri hayo, na bado naiona hekima ya mjenzi, kwa kuwa haja aliyoitimiza, ya kumkaribisha mtu pasipo kumwanikia nyumba nzima, ni haja ya tajiri na maskini sawasawa.

Ushahidi ni kwamba watu wasiokuwa na daka wala tekani waliitimiza haja hiyo kwa njia nyingine. Unguja, katika Mji Mkongwe, baraza imejengwa kwa nje kufuata ukuta, na mwezi wa Ramadhani wako waliokuwa wakiandika futari hapo ili apitaye asikose kualikwa. Dar es Salaam, ile nyumba ya vyumba sita ina kibaraza mbele na ukumbi mmoja ulionyooka tangu mlango hadi uani, na kwa kuwa ukumbi huo hauna mpindo, watu walitundika pazia. Kitambaa cha bei ndogo kikafanya kazi ya ukuta.

Linalonisikitisha ni kuona leo madaka yaliyotiwa vyuma yakageuzwa ghala la mapipa, na ghorofa mpya za Mombasa ambazo mlango wake ukifunguliwa humwonyesha mgeni kwa mtupo mmoja wa jicho kochi, meza ya chakula, na mtoto anayeogeshwa. Matokeo yake ni kuwa mlango hufungwa siku nzima, na jirani wa ukuta mmoja hukaa miaka hawajuani. Aliye katika nyumba ya namna hiyo si lazima abomoe kitu. Ule ujia mwembamba wa mlangoni, anaoulaumu kwa kutoenea kabati, waenea benchi la mbao lenye upana wa futi moja, viatu vikakaa chini yake na kanzu ikatundikwa juu kwenye vigingi. Na pazia likitundikwa si mlangoni penyewe bali hatua mbili ndani, tena upande mmoja tu, litamlazimisha aingiaye kupinda. Mjumbe mwenye barua, mtoto wa jirani aliyetumwa chumvi, na shangazi aliyechoka kwa ngazi, wote watapata pa kuketi kabla mtu hajaamua nani aingie ndani na nani aishie hapo. Na ajengaye upya, na amwambie fundi wake kabla msingi haujachimbwa kwamba mlango wa njiani na mlango wa sebule isitazamane, na kwamba futi tatu za ukuta wa mbele zirudi nyuma kwa ajili ya baraza. Fundi atasema kwamba hiyo ni nafasi inayopotea bure, lakini mwenye nyumba asikubaliane naye.